Amina ya Pili

Wiki ya uhuru padri alikuja kubariki bendera mpya mbele ya ofisi ya Rumonge. Sisi tuliokuwa kwenye foleni ya vyeti tukavua kofia, tukasali naye Baba Yetu. Tulipofika "utuopoe maovuni", sisi Wakatoliki tukasema Amina, na mkubwa wa ofisi, Mbelgiji, akavaa kofia yake. Lakini mama mmoja Mprotestanti, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, aliendelea peke yake, kafumba macho, beseni limetulia kichwani.

Karani akamgusa bega. "Mama, sala imekwisha."

"Yenu ndiyo imekwisha, mwanangu. Yangu bado iko na ufalme, na nguvu, na utukufu."

Akakirudia kipande chake tangu mwanzo, polepole, bila kuruka neno. Padri akainamisha kichwa. Mbelgiji akatazama huku na huku, kisha akavua kofia tena.

"Hata milele," mama akamaliza, na uwanja mzima ukaitikia Amina kwa kishindo.

Wenye dini wabishane sala inaishia wapi. Mimi naishia pale nilipofundishwa. Ila nilizaliwa chini ya Wabelgiji, na siku ile tu ndiyo nilimwona mmoja wao akivua kofia mara mbili. Ya pili alimvulia muuza ndagala.