Tiyo ya kadafi ilimuunguza mukwe wangu, chupa za mayonezi zikaokoa lavage yetu

Wakuu wa humu, jambo kwenu. Wengi wenu ni wa umri wa wajukuu zangu, lakini kwenye jukwaa mukubwa ni mwenye alifika mbele, basi nawaheshimu.

Hii ni yangu mwenyewe, niliiona na macho yangu. Hakuna uongo ndani. Mwenye atapita barabara ya Sake hapa Goma, mbele ya kufika Lac Vert, aulize lavage ya Koko, ndiye mimi bibi yenu, watamuonyesha.

Lavage aliianza mutoto wangu Innocent, Mungu alimupokea. Alituachia mimi na muke wake Neema pompe moja ya kuosha magari. Hiyo pompe ndiyo inalisha watoto wake, Elie na Gloria. Mashamba ya Masisi tuliyaacha huko.

Sasa mujue hiyo mashine. Iko na tiyo mbili, ndiyo mipira. Ile kubwa inarusha maji kwa nguvu, sina neno nayo. Ile ndogo inaingia ndani ya bido, lile dumu, na kuvuta dawa: sabuni kali ya kutoa mafuta, ao asidi ya kusafisha jante za magurudumu. Huku kwetu vumbi ya volkano inakamata kwa jante sawa simenti. Bila asidi, utasugua mpaka mukono ukatae.

Ile ndogo ndiyo ilitutesa. Leo inapasuka, kesho inavuta hewa, wateja wanapiga honi.

Na hapa ndipo kosa letu sisi watu wa Goma. Tumezoea makadafi, wale wanauza esanse, petroli, kando ya barabara na mupira wa kunyonyea. Basi kila mutu hapa anaamini mupira wenye unavumilia esanse, unavumilia vyote. Mimi pia. Nilienda kwa Papa Safari, kadafi wa hapo karibu, mutu muzuri, alitusaidia sana kwenye matanga ya Innocent. Akanikatia mupira mweusi.

"Koko, huu utakuzika wewe!" akacheka.

Haukunizika. Asidi iliulainisha, ukavimba sawa utumbo wa ng'ombe, ukachomoka kazini. Asidi ikamurukia Neema kwa mukono.

Tulimumwangia maji, maji tu, mengi, bila kuachilia, kisha tukakimbia naye kwa sante, kituo cha afya. Alipona. Alama ingali.

Lakini moyo wake ulivunjika.

"Mama, nimechoka. Nauza pompe."

"Na watoto watakula nini?"

"Nitauza makala ya kupikia. Makala hayarukii mutu."

Munuzi akapatikana haraka, Papa Jérôme, mwenye lori ya kuleta bidhaa toka Bunagana. Akasema akimalizana tu na watu wa duane, ile forodha ya mupaka, atapita kuichukua.

Nikamuomba Neema anivumilie mpaka Papa Jérôme arudi. Akasema, "Sawa, Mama. Lakini mimi tiyo siigusi." Akaenda kukaa kwenye mifuko yake ya makala, ngambo ya barabara.

Wakuu, nilikumbuka mama yangu, Nyirabahire. Kule Masisi hakuna mutu anamwanga maziwa yote ya jioni ndani ya kibuyu kipya. Mama alikuwa anaweka kidogo, anaacha, ananusa. Kibuyu kibaya kinajionyesha chenyewe.

Basi nikakusanya chupa za mayonezi. Zingine nikatia asidi, zingine sabuni kali. Nikazifunika, nikaziweka nje juu ya ukuta wa mawe, mbali na watoto. Ndani ya kila moja, kipande cha tiyo.

Kusoma kwangu ni kidogo, lakini jina la mutu halinipotei. Kila kipande nilikiita jina la mwenye alikiuza. Papa Safari, ule mweusi. Bahati wa kenkayeri, duka la vyuma, ule laini wa kuonekana ndani. Na Mama Chantal wa soko la Birere, mweupe kidogo, mugumu.

Huyo Mama Chantal hatukuwa tunasalimiana. Alisema mbele ya korali nzima kwamba mimi naimba sawa mbuzi. Kile kipande nilimutuma Gloria.

Kila asubuhi nilikuwa natoa vipande na koleo, navaa ganti za mikono, naosha, nakunja.

Papa Safari aliharibika wa kwanza. Kwenye asidi alivimba, maji yake yakawa meusi sawa chai.

Bahati alinipa furaha. Kwenye asidi hakuwa na neno. Nikaanza kumusifu. Kumbe kwenye sabuni alikuwa anakauka. Nilimukunja, akakatika.

Mama Chantal alibaki vile alivyonunuliwa. Kwenye asidi, kwenye sabuni, hata rangi haikubadilika. Wakuu, nilikasirika!

Gloria alikuwa kwa masomo, nikashuka Birere mwenyewe. Mama Chantal akaniona toka mbali.

"Eh! Leo mbuzi anakuja kununua?"

"Mbuzi amekuja. Kata ndefu."

Soko lote likacheka, na sisi pia. Akanielekeza vizuri: uzamishe ncha ndani ya maji ya moto kwanza ndiyo iingie, usiikunje kona kali, na usiiweke upande wa nguvu, ni ya kunyonya tu.

Elie akaifunga. Kazi ikaenda. Mbele ya kufungua lavage nilikuwa naivuta kila asubuhi, haichomoki. Neema anaangalia tu toka kwenye makala.

Siku moja mvua ikapiga, mataksi yakajaa matope, laini ya magari ikafika mpaka kwa makala yake. Sikumuita. Nikaona tu anavuka barabara, anakamata ganti.

Katikati ya laini ile, lori ya Papa Jérôme ikaingia, matope mpaka kwa vioo.

"Mama Elie, nimekuja. Pompe iko wapi?"

Neema hakusimamisha hata maji. "Iko kazini, Papa. Panga laini."

Akatazama pompe, akatazama lori yake, akapanga laini.

Nilichojifunza: usiulize tiyo ni ngumu kiasi gani, uliza itakunywa nini. Ijaribu na dawa yako mwenyewe, kila dawa na chupa yake, kila dawa na tiyo yake. Javel ya kung'arisha nguo na asidi musikutanishe hata kidogo, moshi wake unaua. Kwenye ile nzuri Neema alisoma herufi PE, aina ya plastiki, pembeni, lakini hata yenye imeandikwa vizuri, mimi nitaiweka kwanza kwa chupa.

Sasa muniambie, nyinyi wa Bukavu, wa Kigoma, wa Kampala: kwenu munavutisha asidi na tiyo gani, na inakaa? Andikeni na jina la mwenye aliwauzia. Sitalisahau.