Mume Aliyelala Mchana

Nilipoolewa nilitoka Kitui na sanduku moja, godoro jipya na kinu ambacho mama alisisitiza nibebe, nikahamia Mtito Andei. Mume wangu alikuwa anaweka magari mafuta kwenye kituo kimoja pale barabarani. Kazi yake niliijua. Jambo ambalo sikuuliza, na yeye hakuona haja ya kusema, ni kwamba aliifanya usiku.

Asubuhi ya kwanza alirudi ananuka dizeli, akanisalimia kwa adabu kama mgeni, akanywa chai na viazi, akasema, "Wacha nijinyooshe kidogo." Kidogo hicho kiliisha saa tisa alasiri. Aliamka, akaoga, akala, akavaa ovaroli, akaenda zake. Nikabaki nimekaa kitandani nikiangalia mlango. Siku ya harusi mchungaji alituambia tumekuwa mwili mmoja. Hakusema mwili huo utalala kwa zamu.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja cha mabati, kimegawanywa na pazia: huku kitanda, huku meza. Nyumbani kwetu nilifundishwa kwamba mtu aliyekesha kazini haamshwi. Kwa hiyo nikajifunza kuishi bila sauti. Jiko la makaa nililitoa nje. Vyombo niliviosha kimoja kimoja, kama naosha mayai. Shida ilikuwa muthokoi, chakula alichokipenda kuliko vyote, kwa sababu mahindi yake lazima yatwangwe, na hakuna kinu kinachonong'ona. Siku moja nikajitwika kinu na mahindi mpaka nyuma ya kanisa, nikatwanga huko peke yangu. Niliporudi, jirani alinishika mkono akanipa pole. Alikuwa ameambiwa nimefukuzwa pamoja na vyombo vyangu.

Mama alipopiga simu nilimjibu kwa kunong'ona.

"Mbona unaongea hivyo?" akauliza. "Huyo mtu anakupiga?"

"Hapana, mama. Amelala."

"Saa sita mchana? Ni mgonjwa?"

"Ni mzima."

"Basi mwambie nimemsalimia akiamka," akasema, na sauti yake ilionyesha hakuniamini.

Baada ya simu hiyo chumba kilizidi kuwa kimya. Nilianza kwenda dukani kila siku ili tu nisikie mtu akinijibu. Duka lilikuwa la mama mmoja Mwislamu, ambaye familia yake ilitoka upande wa Garissa. Chumvi ndiyo niliyonunua, kwa kuwa sikujua niulizie nini kingine.

"Chumvi tena, dada?" akaniuliza siku moja. "Kwani mnafuga ng'ombe?"

"Hatufugi."

Aliniangalia, kisha akageuza kreti tupu la soda akaliweka karibu na kaunta. "Keti basi. Chumvi haiozi."

Nikaketi. Aliniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia. Akaniuliza kama nina watoto, nikamwambia bado. Halafu wateja wakaingia, nikaona nimeziba njia, nikaaga. Nakumbuka nilitembea polepole sana kurudi nyumbani, na nilipofika nilivua viatu mlangoni ili visigonge sakafu.

Siku nyani alipoingia, nilikuwa nimeacha mlango wazi kwa sababu ya joto. Nilikuwa nimepika chapati za mume wangu, nikazifunika mezani, nikatoka kuanua nguo. Niliporudi alikuwa ameketi juu ya meza, dume kubwa, anakula bila haraka kama mtu aliyekaribishwa. Nyani wa huko hutoka mbugani na hawaogopi wanawake. Mtu mwingine angepiga yowe. Mimi niliangalia pazia, nikamsikia mume wangu anakoroma, nikainama kidogo.

"Toka," nikanong'ona. "Tafadhali."

Nyani alinitazama, akachukua nyingine.

"Nimesema toka. Kuna mtu amelala."

Alimaliza zote. Akashuka, akapita kando yangu, akaenda zake. Nikapangusa meza nikakaa.

Mume wangu alipoamka aliona sahani tupu. "Leo ulikuwa na njaa," akasema.

"Si mimi. Ni nyani."

"Nyani gani?"

"Aliingia. Nikamwambia atoke, akakataa."

"Mbona sikusikia?"

"Nilimnong'oneza."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nikaanza kucheka, lakini kicheko changu kiligeuka njiani, nikajikuta nalia na siwezi kuacha. Naye akaja akaketi karibu nami, nywele zimesimama upande mmoja, alama ya mto kwenye shavu.

"Angekuuma," akasema. "Kwa nini hukuniita?"

"Ulikuwa umelala."

"Mimi ni mume wako."

"Najua," nikamwambia. "Lakini sijakuzoea."

Aliniambia kwamba kazini anaongea na madereva wa malori usiku mzima, watu asiowajua, mmoja anaenda Mombasa, mwingine Malaba, na akifika nyumbani maneno yameisha. Akasema alidhani mimi ni mwanamke mpole, asiyependa kelele. Nyumbani kwetu Kitui, mimi ndiye niliyekuwa nikiambiwa nipunguze sauti.

Alimwomba bosi wake zamu ya mchana. Bosi akakataa, akakataa tena, na mwishowe mwenzake mmoja alipohamia kituo cha mji wa Salama, akaipata. Siku hizi anatoka asubuhi na kurudi jua likitua. Sikujua kwamba nilikuwa nimezoea kitanda kizima. Wiki nyingi tulipigania blanketi, naye akalalamika kwamba naongea usingizini. Nikamwambia huenda ni maneno ya mchana yaliyobaki.

Mchana bado ni mrefu. Chumba ni changu, naweza kuimba nikitaka, na mara nyingi siimbi. Jioni yeye hukaa na simu yake, mimi nachambua maharagwe, na hakuna anayelala. Kuongea tunajifunza, kama watu wanaojifunza baiskeli wakiwa wakubwa. Akikumbuka, huweka simu chini na kuniuliza, "Leo umeongea na nani?" Namtajia: jirani, mama wa dukani, mchungaji tuliyekutana naye njiani. Na zipo siku ninamwambia ukweli, kwamba yeye ndiye wa kwanza.