Kiti cha Mama Jalia

Saa kumi na moja alfajiri, Kisenyi. Sulaimani Marjan anawasha kombi yake. Inakohoa, inagoma, kisha inakubali. Abiria wamepakata mayai mabichi. Huko magharibi, kwenye chemchemi za maji moto yanayotibu, kila mgeni huchemsha yai lake mwenyewe.

Kwenye kiti cha mbele amekaa mkewe, Kaltumi, Mama Jalia, mwenye magoti yaliyokaza kama bawaba zenye kutu. Miaka yote Sulaimani amepeleka watu huko, na kila safari akitokea mgonjwa kumzidi, Kaltumi humwachia kiti na kubaki nyumbani.

"Leo hata aje nani, Mama Jalia hashuki," Sulaimani anaapa.

Weee! Hata Masaka hawajafika, wanakuta kizuizi. Askari anachungulia dirishani.

"Mama ashuke. Hapo nakaa mimi."

Mwaka huu wa 1976, jeshi likitawala, askari habishiwi. Kaltumi ameshashika kitasa cha mlango, kikapu mkononi.

"Hicho kikapu kina nini?"

"Mayai, mwanangu."

Askari analigonga moja mlangoni. Limeiva! Abiria wanaziba midomo wasicheke. Maskini Kaltumi, hajui desturi ya huko. Ameyachemsha yote jana, na chumvi akaifunga kwenye karatasi.

"Sasa nani anasafiri na mayai mabichi?" anajitetea.

Askari hajala tangu jana. Anakula la kwanza, la pili, la tatu, amesimama pale pale. Kaltumi anammiminia mengine kwenye kofia.

"Kaa, mama. Nendeni," anasema, mdomo umejaa.

Kwenye chemchemi, maji yanashuka ngazi kwa ngazi juu ya mawe meupe, yakifuka mvuke. Kaltumi amebakiwa na yai moja. Analitumbukiza hivyo hivyo.

"Unapika kilichoiva!" Sulaimani anacheka mpaka machozi.

Anamwacha aloweke miguu mpaka alasiri. Kisha Kaltumi anatazama kilimani.

"Baba Jalia, kule juu kuna nini?"

"Maboma ya watu wa kale. Mimi hubaki na gari, sijawahi kupanda."

"Basi nishike mkono."

Wanapanda polepole, wakipumzika. Juu ya ukuta wa udongo ulioota nyasi, Kaltumi anauachia mkono wa mumewe na kusimama peke yake. Sulaimani anamtazama.

"Baada ya Idi tunarudi," Kaltumi anapanga. "Na vikapu viwili. Kimoja mayai mabichi."

"Na cha pili?"

"Yaliyoiva. Yule mtoto wa kizuizini nani atamlisha?"