Akina Mama Waliowashikia Nafasi Wengine

Saluni ya msusi huyu ilikuwa na viti viwili tu, nayo ilibanwa kati ya duka la vipuri vya pikipiki na chumba cha mchomelea vyuma. Kelele za majirani zilimzoesha kupaza sauti, hata nyumbani mumewe, fundi wa friji, alikaribishwa chakula kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya barabara. Zaidi ya kusuka, msusi alijua kucheza. Kwenye sherehe yoyote ya mtaa, akiingia yeye katikati, watu waligeuza simu zao na kumsahau mwenye sherehe.

Nchi ilipokuwa inajiandaa kupokea mashindano makubwa ya michezo ya mataifa, wifi yake, yaani dada mdogo wa mumewe, alipata kazi kwenye kampuni iliyotayarisha sherehe ya ufunguzi. Mawifi hawa walipendana kwa utani. Mmoja alisema, "Umekuja kumaliza vya kaka yangu," mwenzake akajibu, "Na wewe olewa basi, utupishe."

Jioni moja wifi aliingia saluni mbio mbio, hata kukaa hakukaa.

"Wifi, wanatafutwa akina mama wa kucheza siku ya ufunguzi. Nikawaambia ninaye mtu, na mtu huyo anao watu wake."

"Ufunguzi ule ule? Mbele ya dunia nzima?"

"Dunia nzima, mwanamke. Na kamera hapa." Akamshika kidevu, akamgeuza uso kuelekea kioo. "Malipo hakuna, lakini ile nguo ya siku yenyewe mnabaki nayo."

Msusi hakulala na habari hiyo. Alianza na rafiki yake muuza mboga, ambaye alicheka mpaka akaangusha nyanya, kisha akakubali. Akamfuata nesi mstaafu, mwenye magoti yanayolia akipanda ngazi. Huyu alisema magoti yatanyamaza siku hiyo. Mpaka mwisho wa mwezi alikuwa amekusanya basi zima. Waliosita, wengine wakiwa na waume wenye maswali, aliwajibu wote kwa neno moja: "Wifi yangu ndiye yuko ndani. Mtu wa nyumbani atanidanganya?"

Mazoezi yalifanyika kila Jumamosi kwenye uwanja mpya, harufu ya rangi ikiwa bado mbichi. Kila mmoja alivaa kizibao chenye namba na kusimama juu ya alama ya utepe iliyobandikwa chini. Vijana wenye redio za mkononi walikuwa wakipiga kelele: "Namba kumi na nane, kushoto kidogo! Simameni hapo hapo, taa bado!" Wakasimama. Jua likawapiga, taa zikarekebishwa, kamera zikasogezwa.

"Mbona tunasimama zaidi kuliko tunavyocheza?" nesi aliuliza siku moja, akijipepea kwa kanga.

"Mambo makubwa yana taratibu zake, dada," msusi akamjibu.

Kulikuwa na mahali ngoma inageuka ambapo mwalimu wa dansi alikuwa amekwama. Hatua alizojaribu zilikuwa zinawagonganisha watu. Msusi akanyoosha mkono, akaomba aonyeshe kitu. Akainama, akazungusha mikono kama anayemsuuza mteja nywele bombani, kisha akainuka kwa kutupa kichwa nyuma. Mwalimu akapiga makofi. Siku hiyo hiyo uwanja mzima ulifundishwa hatua ile, na msusi alirudi nyumbani akiimba. Binti yake akalitangazia darasa zima kwamba mama ataonekana kwenye televisheni.

Wiki ya ufunguzi waliitwa katikati ya juma. Walidhani wanakwenda kupimwa nguo. Mabasi mawili yakaingia, wakashuka wasichana warefu, wote kimo kimoja, miili ya wachezaji wa kulipwa, nguo zinazometameta zikiwa tayari mikononi mwao. Kijana mwenye redio akashika kipaza sauti.

"Akina mama, kila mmoja amwonyeshe dada mwenye namba kama yake alama yake na mizunguko yake. Mkimaliza, vizibao mrudishe pale mezani. Tunawashukuru sana kwa kutushikia nafasi."

Hakuna aliyeelewa mara moja. Msichana mmoja akasogea mbele ya msusi, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Hapa ninaanza na mguu gani?"

"Marahaba. Wa kulia," msusi akasema. Akamwonyesha na hatua ile ya kuinama, mpaka msichana akaiweza. Baadaye hakuweza kueleza kwa nini alifanya hivyo.

Alimkuta wifi yake chini ya ngazi za jukwaa, anaongea na simu. Akasubiri amalize.

"Ulijua?"

"Wifi, wale wachezaji wanatoka mbali, kuwaweka hotelini miezi yote hiyo ni gharama. Kamera lazima zipimwe na watu..."

"Nimekuuliza, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Ningekwambia, ungekuja? Ungewaleta wale wote?"

"Nisingewaleta."

"Basi unaona," wifi akasema, kama mtu aliyeshinda hoja. "Lakini nimewaombea tiketi. Ni juu kidogo, ila mtaona vizuri."

Ndani ya basi la kurudi hakuna aliyeimba. Nesi alikuwa anajikanda magoti. Muuza mboga aliangalia nje ya dirisha njia nzima, na alipokuwa anashuka akasema, "Wifi yako huyu," akashika njia ya kwake.

Siku ya ufunguzi msusi alikaa sebuleni na familia yake. Mumewe alijaribu kutuliza mambo.

"Mama watoto, na yeye aliagizwa tu kazini."

"Aliagizwa kunishika kidevu?"

Mume akashika rimoti, akaongeza sauti. Kwenye televisheni wasichana wakainama wote kwa pamoja, wakasuuza hewa, wakatupa vichwa nyuma. Uwanja ukalipuka kwa shangwe, na mtangazaji akamsifu mwalimu wa dansi kwa ubunifu wake.

"Mama, hiyo si yako?" binti akauliza.

Msusi akainuka, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Wifi hakuonekana muda mrefu. Mashindano yalipokwisha na wageni kuondoka, alikuja saluni na mfuko mikononi. Ndani mlikuwa na nguo ile inayometameta, imeshonwa upya kwa mwili wa msusi.

"Umeleta ngapi?" msusi akauliza.

"Moja. Yako, wifi."

"Rudi nayo."

Tangu hapo wanasalimiana, wanakutana ukweni, wanapokezana sahani mezani. Utani haupo tena, na mama mkwe huwa anauliza kwa nini nyumba siku hizi imekuwa kimya hivyo.

Kilichomuuma msusi zaidi kilikuja baadaye. Wanawake kadhaa wa basi lile walihamia saluni nyingine, kimya kimya, bila ugomvi. Asubuhi moja, msusi alipokuwa akinunua mchicha, muuza mboga akamwita pembeni.

"Sasa yamepita, shoga yangu. Niambie kweli. Wewe ulikuwa hujui?"

"Sikujua."

Muuza mboga akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anavyowaitikia wateja wanaoapa kwamba hawana hela zaidi ya hiyo. Akamfungia mchicha wake, akamgeukia mteja mwingine.