Makaburi ya Nyuma ya Stendi

Mwaka 1954 mjini Iringa, watu walikuwa wanalala chini ya mabasi. Stendi ya magari ya Mbeya na Dodoma ilijaa makuli, mafundi na utingo, na chumba cha kupanga hakikupatikana. Kwa hiyo ofisi ya mji ilipotangaza kwamba itajenga nyumba nyingi karibu na stendi, Waridi binti Isihaka hakupinga. Yeye mwenyewe alikwisha kupangisha watu mpaka jikoni.

"Waacheni wajenge," alisema. "Mtu alale kama mtu."

Alitaka kujua jambo moja tu: watajenga wapi?

Waridi alikuwa mjane, mwembamba, mwenye maneno makavu, aliyewauzia abiria chai na vitumbua kila alfajiri. Nyumba yake ilikuwa ya pili kutoka stendi. Aliijenga baba yake, mwashi wa Bagamoyo aliyepanda huku bara akiwa kijana kuja kumjengea Mjerumani. Lile ghala kubwa la mawe kando ya barabara, mawe yake aliyachonga yeye na wenzake. Wazee hao walioa hapahapa, wakajenga mtaa wao, na walipokufa wakazikwa nyuma ya nyumba zao, ubavuni mwa msikiti mdogo wa udongo.

Siku ya mkutano alikuja Mzungu wa mipango, ambaye watu walimwita Bwana Ramani, akatandaza karatasi yake juu ya meza. Karani wake, Liberatus, kijana wa misheni, akawa anatafsiri. Nyumba za zamani zitavunjwa zote. Mahali pake zitajengwa safu za vyumba vilivyopeana migongo, ili wafanyakazi wakae karibu na magari. Msikiti utahamishwa. Makaburi yatafukuliwa. Ghala la Wajerumani lisiguswe, kwa sababu ni kumbukumbu ya historia.

Waridi alisimama. Wanaume wakageuka kumtazama.

"Karani, rudia hapo. Ghala ni nini?"

"Kumbukumbu ya historia, mama."

"Na waliolijenga?"

Liberatus aliinamia ramani kama mtu anayetafuta sindano. "Hawamo, mama."

"Hawamo! Wamelala pale nyuma, hata wewe unawaona ukinyoosha shingo. Yaani jiwe lina historia, aliyelichonga hana? Na kule Uzunguni, si karibu na stendi vilevile? Mtu na mke wake wana bustani ya kulisha kundi la ng'ombe. Kwa nini abanwe yule aliyebanwa tayari?"

Liberatus alimtupia jicho Bwana Ramani.

"Mwambie!"

Akamwambia, kwa sauti ndogo. Bwana Ramani alijibu neno fupi, akaanza kukunja karatasi yake.

"Anasema," Liberatus alitafsiri huku macho yake yako chini, "mkutano huu ni wa kuwaarifu. Si wa kuwauliza."

Nyumba zilivunjwa baada ya mavuno. Waridi alitoa vyombo vyake akaviweka chini ya mpera wa uani, akasimama kutazama vibarua wakiupiga nyundo ukuta wa baba yake. Nyapara wao alikuwa Tadeo, Mhehe wa Idodi, ambaye yeye na mkewe Rozalia walikuwa wanalala kwenye banda la mizigo stendi. Waridi alimjua vizuri, alikuwa mteja wake wa chai. Asubuhi hiyo hakumuuzia.

Zilipokwisha nyumba, ikafika zamu ya makaburi. Waridi hakusubiri kuambiwa. Aliwahi yeye na wanawake wa mtaa, wakatandika mikeka katikati ya makaburi, wakaketi. Severina, Mkristo aliyeuza mboga sokoni, akapita na tenga lake, akauliza kuna nini. Alipoambiwa alilitua tenga chini.

"Kaburi linachimbwa mara moja," alisema, akaketi naye.

Tadeo alifika na watu wake na majembe. Nyuma yao walikuja Bwana Ramani na Liberatus.

"Anawaamuru mwondoke," alisema Liberatus.

Hakuna aliyeinuka. Bwana Ramani, uso umemwiva, akamgeukia Tadeo na kumwonyesha kwa kidole pa kuanzia. Tadeo alilitazama lile kaburi. Lilikuwa la mzee Isihaka.

"Mama Waridi," alisema, "mimi chumba nakitaka. Mke wangu analala juu ya magunia. Haki ya Mungu nakitaka."

"Najua," Waridi alijibu. "Chimba basi, kama utapata usingizi hapo juu."

Tadeo akaliweka jembe chini. "Kwetu kaburi la mzee halichezewi," alimwambia karani. "Mwambie atafute mtu mwingine." Na vibarua wote, mmoja baada ya mwingine, wakaweka majembe yao juu ya lake.

Habari ikaenea mjini kabla ya jua la utosi. Wazee wa msikiti na wazee wa Kihehe wakaongozana kwenda bomani, jambo ambalo halijapata kuonekana. Wakubwa wakaogopa fujo, na ramani ikachorwa upya: makaburi na msikiti vikazungushiwa ukuta, vyumba vikajengwa pembeni. Kumbe iliwezekana! Safu moja tu ndiyo iliyopungua. Lakini nyumba zilikwisha kuwa kifusi, na hakuna aliyeomba radhi.

Waridi alipewa kiwanja nje kabisa ya mji, kwenye mteremko wenye mawe na usiokuwa na maji. Tadeo alifukuzwa kazi mara kuta za vyumba zilipokwisha kusimama. Na vile vyumba, vilivyosemwa ni vya watu wa stendi, vilipokamilika wakapewa makarani waliohamishwa kutoka miji mingine. Waridi alikwenda ofisini kumsemea Tadeo.

"Kibarua hana haki ya chumba, mama," Liberatus alimwambia. "Ndiyo sheria."

"Alivijenga."

"Ndiyo, mama."

"Hamna haya nyie!" Akatoka, akaubamiza mlango nyuma yake.

Siku ileile alikwenda kwenye banda la mizigo akamwambia Rozalia afunge mizigo. Kiwanja chake kilikuwa kikubwa, wangekigawa.

Tadeo aliona aibu. "Mama, nyumba yako niliivunja mimi kwa mikono yangu."

"Sijasahau. Ndiyo maana nataka hiyohiyo mikono iijenge."

Walijenga nyumba mbili zinazotazamana, na Rozalia akazaa mtoto wake wa kwanza chini ya bati lisilovuja. Waridi akawa anashuka stendi alfajiri na birika lake, safari ndefu kwa miguu yake ya uzee. Bwana Ramani aliposimama siku moja kutaka chai, alimwambia imekwisha, na birika linafuka moshi mbele yake. Hakuwasamehe watu wa ofisi ile mpaka anaingia kaburini, na sioni kwa nini angewasamehe.