Asali ya Baba na Kanzu ya Jirani

Baba yangu alikuwa fundi cherehani pale Newala, na kitu alichokiogopa kuliko vyote duniani ni sindano. Usicheke. Ile ya kushonea aliishika kutwa nzima, hata mdomoni aliibana huku anapiga soga. Lakini ya hospitali ikitajwa tu, alikumbuka ghafla kwamba kuna mteja anamsubiri.

Ili uelewe balaa la asali, lazima nianzie miaka ya dhiki, kabla biashara haijaachwa huria. Sukari ilikuwa haipatikani. Ikiletwa duka la ushirika, iliisha kabla foleni haijasogea. Nyumbani kwetu tulitia chai asali, tukinunua kwa mzee mmoja aliyepanda kutoka bonde la Ruvuma na dumu lake begani. Kwetu sisi, asali ilikuwa alama ya kukosa sukari. Wala hatukuipenda sana, maana chai ilinuka moshi.

Kisha soko huria likaingia. Wanunuzi wa korosho wakaja na malori yao, maduka yakajaa, sukari ikauzwa mpaka kwenye kibanda cha mkaa. Baba akaamua kulipiza kisasi. Kikombe kimoja, vijiko vitano, na kila kijiko kimejaa mpaka kinamwagika njiani.

"Nakunywa na ile waliyoninyima," alisema.

Aliendelea hivyo miaka kadhaa, kisha kiu ikamshika. Kwetu huku juu mlimani maji yalikuwa ya kununua kwa ndoo, na baba alimaliza mtungi kisha akaulizia mwingine. Mama alikasirika kabla hajaogopa. "Baba watoto, tumbo lako lina tundu?"

Baada ya kiu yakaja macho. Alianza kuona ukungu, akaficha. Mimi nilikuwa tayari mwalimu wa shule ya msingi, nikirudi jioni namkuta barazani analamba ncha ya uzi, anaulenga kwenye tundu la sindano, anakosa, analamba tena. Nikitaka kumsaidia ananifukuza. Wiki hizo ndipo alipomshonea kanzu jirani yetu, mzee wa makamo, mpole kupita kiasi. Kanzu nyeupe, uzi wa pinki. Mfuko wa kifuani ulikuwa umeinama kama unataka kumwaga kilichomo. Jirani aliipokea, akaigeuza mara mbili, akasema, "Ahsante, fundi," akaenda nayo msikitini.

Nilimweleza mama habari ya macho, naye siku ile ile akamburuta baba hospitali, upande wa Masasi. Walirudi na jina la ugonjwa, kisukari, na vidonge na masharti. Aache sukari, na mwezi ukiisha apimwe tena. Ikiwa sukari ya damu haijashuka, ataanza kuchomwa sindano ya insulini kila siku. Muuguzi wa huko alimwambia pia kwamba sukari ikishuka mapema, ukungu wa machoni huenda ukaondoka, lakini akizembea anaweza kuyapoteza macho kabisa. Baba hakulala. Fundi asiyeona atashona nini?

Basi nyumba yetu ikarudi enzi za dhiki. Mama aligawa sukari yote kwa majirani, akamtafuta mzee wa dumu, akanunua dumu zima. Hakuna aliyeshituka. Tumekatazwa sukari, kwa hiyo tunakunywa asali, kama tulivyofanya siku zote sukari ilipokosekana. Mimi mwenyewe, mwalimu mwenye cheti, ndiye niliyekuwa nakoroga.

Na kwa kuwa sasa ilikuwa dawa, baba aliinywa kama dawa. Vijiko viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni, na kimoja cha kulalia. Wateja walihubiriwa barazani kuhusu nyuki. "Sukari imetoka kiwandani," alisema huku amenyoosha kidole, "lakini asali imetoka porini. Damu inajua tofauti." Damu ilikuwa haijui lolote. Mtungi uliendelea kukauka, na mama akasema ni dawa inasafisha.

Mwezi ulipoisha nilimsindikiza mimi. Alikuwa ameambiwa aende bila kula kitu, naye akatii. Muuguzi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, akamtoboa kidole. Baba alifumba macho, akavuta pumzi kama anayezama. Kimashine kikagoma kutoa namba, kikaonyesha tu kwamba sukari imepita kiasi kinachoweza kusoma.

"Kimeharibika," baba akasema. "Vitu vya siku hizi, vya biashara huria."

"Mzee, umekula nini leo?"

"Sijala kitu. Nimekunywa dawa tu." Akatoa mfukoni chupa ya asali, akamsogezea. "Onja, mama. Hii haijachanganywa na kitu."

Muuguzi aliitazama ile chupa, akanitazama mimi. Nilitamani sakafu inimeze.

"Inakuwaje?" baba akauliza. "Si imeandikwa kwamba asali ni shifaa?"

"Na iwe shifaa, mzee wangu. Lakini wewe unaioga." Akavuta stuli, akakaa. "Umeona makuli wanaobeba korosho kuingiza ghalani? Insulini ndiyo makuli wa mwilini. Inatoa sukari kwenye damu, inaingiza ndani. Makuli wako wamechoka, magunia yamejaa barabarani. Asali labda inaingia taratibu kidogo kuliko sukari nyeupe, lakini ikishaingia ni gunia lile lile. Wewe unaleta lori jingine, unawaambia msiwe na wasiwasi, hili limetoka kwa nyuki."

Baba aliirudisha chupa mfukoni. Nilimwonea huruma, maana kila kijiko alikinywa kwa kuogopa sindano.

Muuguzi akamletea bibo bivu, tunda la korosho, na bomba la sindano lenye maji, ajifunzie. Baba akaishika ile sindano, akaipapasa kwa ncha ya kidole. "Mbona nyembamba hivi? Hii hata pazia haitoboi." Akalichoma bibo mara moja, wima, bila kutetemeka. Muuguzi akasema hajawahi kuona mkono kama ule. Baba akavimba kichwa. Kutoka siku hiyo alijichoma mwenyewe, kila siku, akitukosoa sisi tuliotazama pembeni. Mimi nilimsomea mistari ya bomba tu, kwa kuwa alikuwa bado hawezi kuiona. Asali ikahamia kwa jirani.

Wiki kadhaa zikapita. Ijumaa moja nilikuwa barazani nasahihisha madaftari, jirani akapita akitoka msikitini. Baba akainua kichwa, akakunja uso.

"Simama hapo. Nani amekushonea takataka hiyo?"

Jirani akasita. Alinitazama, akautazama mfuko wake ulioinama.

"Si wewe, fundi?"

Baba aliinuka, akamsogelea. Akaufuata kwa kidole ule mshono wa pinki, kutoka begani mpaka kwapani, mshono kwa mshono.

"Miezi yote hii unaswali nayo? Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, na ulikuwa huoni?"

Baba akageuka upande wa cherehani, akajifuta uso kwa ncha ya shuka aliyojifunga. Kisha akachukua uzi mweupe, akalamba ncha, akaipitisha kwenye tundu mara moja.

"Vua," akamwambia.