Salamu Niliyompa Maître

Mwaka jana nilirudi Butembo. Nilikuwa nimesimama Rughenda kando ya barabara, nikingoja pikipiki, mara watoto wa masomo wakapita mbele ya mwalimu wao bila hata kumtupia jicho. Mama mmoja muuza ndizi akasonya: "Batoto ya leo hapana salimia mutu! Adabu iliisha." Moyoni nilisema, wapite tu, Mungu awabariki, wapite. Rafiki yangu, keti nikuambie kwa nini.

Nilikulia juu ya kilima, kwa nyanya yangu, yule tuliyemuita Koko. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata nyumba ya jirani huioni. Unasikia tu mchi wa mtu anayetwanga sombe, majani ya muhogo, na moshi wa kuni mbichi unakukaba koo. Kabla ya masomo nilichota maji, nikawasha moto, nikala viazi vya jana na maharagi. Leo kilima kimejaa nyumba za matofali za wafanyabiashara, na shamba la Koko limekuwa depo ya simenti.

Jirani yetu alikuwa mwalimu, Maître tulivyomuita. Serikali ilimtuma kutoka Kasai, mbali kabisa, mwaka ule wa uhuru, kuchukua nafasi ya Padri mzungu aliyetufundisha. Hakuwa na mke, kwa hiyo Koko alimpikia, naye alimuita Koko mama. Kinande, lugha yetu, kilimshinda, tukamcheka mpaka mbavu zikauma. Siku ya kwanza darasani alituuliza: "Padri, mulikuwa munamusalimia namna gani?" Tukamuonyesha: ukikutana naye njiani unatua mzigo, unakunja mikono kifuani, unasema kwa sauti, Bonjour, mon Père. Akasema: "Bon. Sasa mutasalimia vile mutu mweusi, mwalimu wenu. Uhuru ni ile." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Tulifanya mazoezi wiki nzima. Mimi ndimi niliyekuwa wa kwanza, na nilivyojivuna, usiniulize! Kama ningemkuta yule mtoto leo, ningemwambia: dada, hizo sifa zitakutokea puani.

Miaka michache baadaye waasi wakaingia kwa njia ya Beni. Walitafuta watu wa kalamu: makarani, walimu, wote waliokula mshahara wa serikali. Masomo yakafungwa. Wakubwa wakatuambia sisi watoto kwamba Maître alirudi kwao Kasai. Uongo mtupu. Koko alimpa jembe na koti kuukuu la marehemu babu, akamfanya mkulima wa shamba lake, alale huko huko kibandani. Hawakutuambia kwa sababu waliogopa midomo yetu. Mpaka leo ninawakasirikia. Neno moja tu lingetosha: ukimwona, pita.

Siku ya soko waasi waliwatoa wanaume wote mashambani, wakawapanga mstari penye barieri, kizuizi chao cha barabarani. Mimi nilikuwa ninatoka sokoni, kitunga cha viazi mgongoni, kamba imenikaza kwenye paji la uso. Katikati ya mstari nikamwona. Ee, furaha iliyonishika! Kumbe hakutuacha! Nikatua kitunga, nikakunja mikono, nikasema kwa sauti yangu yote: "Bonjour, Monsieur le Maître!"

Maître akatazama chini, akasema: "Huyu mutoto ni wa nani? Mimi hapana mujua." Mwasi mmoja kijana akamshika mikono, akaigeuza, akaangalia viganja vyake laini vyenye malengelenge mapya. Akacheka. Halafu akaja kwangu, akanisaidia kubeba kitunga, polepole kabisa, kamba isiniumize. "Aksanti, dada mudogo," akasema. "Wende nyumbani."

Nikaenda na hasira. Ndiyo, hasira! Nilifika kwa Koko nikishitaki: "Koko, Maître iko pale ku barieri. Nilimusalimia, akakatala kunijibu!" Koko alikuwa anapepeta maharagi. Ungo ukamtoka mikononi. Alikimbia bila viatu mpaka barabarani, lakini kamio, lori lao, ilikuwa imeshaondoka naye kuelekea Beni. Hatukumwona tena, wala hatukuonyeshwa kaburi. Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa kwamba kwa kusema hanijui, alikuwa anatuokoa, mimi na Koko. Na Koko hakunipiga, hakunitukana, hakulitaja jambo lile mpaka anakufa. Kimya chake kilinila ndani.

Watu wananiambia, ulikuwa mtoto, huna kosa. Wananituliza bure. Ningemwambia yule mtoto aangalie kwanza macho ya mtu kabla ya kufungua kinywa. Kwamba kuna siku kumpita mtu unayempenda ndiyo heshima yenyewe. Lakini angenisikia wapi? Alikuwa amelelewa vizuri.

Waasi walipofukuzwa, masomo yakafunguliwa, tukaletewa mwalimu mwingine, wa mkoa mwingine. Asubuhi ya kwanza akauliza ni nani atamwonyesha namna mwalimu anavyosalimiwa hapa. Darasa zima likanigeukia mimi. Nikasimama, nikakunja mikono kifuani, mdomo ukakataa kufunguka. Akaniita mbele, akanichapa fimbo tatu kwa kukosa adabu. Nilitamani aendelee.